Mgonjwa wa Koko

Binti yangu amerudi likizo kutoka Marseille na kijichupa. Hakizidi urefu wa kidole changu cha kati, kimefungwa utepe wa katani ili kionekane cha kishamba, na juu yake wamechora ua ambalo tangu nizaliwe sijaliona likiota popote visiwani kwetu. Akakifungua mbele yangu kwa madaha. "Nusa, Mama. Ni tiba ya siku saba. Familia nzima inajisafisha pamoja, mwili na roho, majira ya maua. Kila kitu cha asili." Nikanusa. Mlangilangi, mrehani, karafuu kwa mbali, na chini yake kabisa, msindzano. Nikamrudishia. Nikamwambia aliyekitengeneza hajawahi kutoka jasho maishani mwake.

Alinuna, maskini. Sikumjali. Siku hizi kila mtu ni mganga, ilimradi ana utepe na karatasi yenye maandishi ya kupindapinda. Wanauza mvuke bila moto. Wanamwuzia siku saba mtu asiyeweza kukaa nyumbani kwake siku moja! Nyinyi wa rika langu mnazijua siku saba ni nini, na harufu ile mnaijua. Mimi nilizikaa kila mwaka mpaka nilipofika miaka kumi na mmoja, na najua ni nani waliozikomesha nyumbani kwetu. Walikuwa watatu, na mmoja wao ndiye huyu anayewasimulia.

Koko, mama yake mama yangu, alikuwa na nyumba Mutsamudu, katika mji wa mawe chini ya ngome, kwenye kichochoro ambacho watu wawili wakikutana mmoja hulazimika kuingia kwenye mlango wa jirani ili mwenzake apite. Kwetu nyumba ni ya mwanamke. Mume huja na nguo zake, basi. Sisi tulikaa Moroni, mtaa wa Badjanani, nyumba ya kupanga karibu na msikiti wa kale wa Ijumaa, kwa sababu Baba alikuwa karani wa serikali na alipenda mtu yeyote asisahau jambo hilo. Lakini kila demani, kusi ikishachoka na mvua za kaskazi hazijafika, miembe imetoa maua na milangilangi ya mashamba ya juu inanukia mpaka vichochoroni, Mama alitufunga virago akatupeleka Mutsamudu kwa Koko. Shule zilikuwa hazijafunguliwa. Tulikwenda kusafishwa.

Siku ya kwanza ilikuwa ya sanamaki. Sitasema mengi, maana nyumba ilikuwa na choo kimoja nasi pamoja na binamu tulikuwa kumi na mmoja. Siku ya pili mafuta ya nyonyo kichwani, na uji wa tangawizi uliochoma mpaka masikioni. Kuanzia ya tatu ilikuwa nyungu: majani ya mpera, ya mlimau, mrehani, mchaichai na maua ya mlangilangi, yamechemshwa mpaka kifuniko kinarukaruka. Wanaume kwanza, wanawake baadaye, wote chini ya blanketi moja zito la kijivu. Na yeyote aliyekutwa ndani ya nyumba nyungu inapofunuliwa, aliingia. Hapakuwa na mgeni. Mwuza samaki aliyepita kuuliza kama tunataka jodari alijikuta chini ya blanketi huku ndoo yake imebaki kizingitini na paka wa mtaa mzima. Alitoka mwekundu macho, samaki hana, anamshukuru Koko.

Bibi yangu huyo alikuwa na ulimi! "Toa kichwa nje uone," alikuwa akisema, "nitakuchemsha wewe na majani nisijue yupi ni yupi." Alikuwa na jiwe lake la matumbawe, bapa, limelika katikati kwa kusagia msindzano, ule mti wa manukato ambao Waswahili wengine huuita liwa. Aliusaga taratibu kwa maji ya waridi mpaka likatoka rojo la manjano, akatupaka nyuso. Mutsamudu nzima wanawake walitembea na nyuso hizo na hakuna aliyeshangaa.

Siku ya saba ndiyo iliyokuwa kubwa. Siku hiyo, umeshaoga, umeshakunywa kombe, maji yaliyooshea aya, unakaa mbele ya Koko na kumwuliza: "Mkono wako unataka nini?" Aliita hiyo haki ya mkono. Yeye hakuruhusiwa kuomba kabla, wala kudokeza. Ni lazima mgonjwa aulize mwenyewe, na Koko akishataja, hupingi. Kwetu watoto alitaka vitu vya upuuzi. Mmoja aache kunyonya kidole, mwingine amwimbie. Kwangu mwaka mmoja alitaka nimhesabie kwa Kifaransa mpaka ishirini, akanisikiliza kwa makini kana kwamba namsomea barua. Alisema mkono usipoulizwa hufa. Mgonjwa hupona, hilo halibadiliki, lakini mkono uliomponya hauponyi tena.

Aliyetuchekesha kutoka chini ya lile blanketi alikuwa Mjomba Athumani, mtoto wa kiume pekee wa Koko. Nyinyi mnajua mjomba ni nani kwetu: baba anakulisha, mjomba ndiye mwenyewe. Alikuwa mwalimu Moroni, mrefu, mwenye meno yaliyoachana. Wanafunzi wake walikutwa na karatasi fulani zenye maneno fulani kuhusu wazungu wa kambini, naye akasema karatasi ni zake ili watoto wasiguswe. Gari la jeshi likamchukua mlangoni mwa shule, chaki bado iko mkononi.

Wakati ule nchi ilikuwa mikononi mwa mamluki. Msinitake niwaeleze siasa, mlikuwapo. Wazungu wachache wenye sare nyeusi walishuka kutoka baharini, wakaipindua serikali, wakakaa. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, husema watu. Hawa hatukuwapa jembe, tuliwapa kambi na magari na wakubwa wetu wakawafungulia milango. Mimi nilikuwa na maelezo yangu kuwahusu. Nilikuwa sijawahi kuona uso mweupe usiopakwa msindzano. Hata mwalimu wetu wa Kifaransa alikuwa mtu wa Mvouni, mweusi kama mimi. Basi nikaamua kwamba wanaume wale wamejipaka mwili mzima na ni wavivu wa kunawa. Nikawadharau kwa uchafu. Leo nawadharau kwa sababu nyingine, lakini ile ya kwanza sijaifuta.

Mwaka huo hatukwenda Mutsamudu. Koko ndiye aliyekuja Moroni. Alishuka amejitanda shiromani yake nyekundu, nyungu imefungwa kwa kanga, na lile jiwe la msindzano amelipakata mapajani safari nzima asimwamini mtu. "Nimekuja kukaa karibu na mwanangu," akasema mlangoni. Hakuna aliyemruhusu kumwona. Alikwenda mpaka lango la kambi na sahani ya wali siku tatu mfululizo, na siku tatu mfululizo askari wakaula wali wakamrudishia sahani.

Sasa nimfikie Baba. Mungu amrehemu, maana mimi siwezi. Baba alikuwa na kalamu tatu mfukoni mwa shati na mbili hazikuwa na wino. Aliutaka ukubwa kuliko mtu anavyotaka chakula. Alitaka akikaa bangwe, pale uwanjani wanapokaa wanaume wazima, watu wasogee. Gari la mamluki likipita alisimama wima, hata kama hakuna anayemtazama. Lugha ya Koko, ya kisiwa chao cha Nzwani, aliiita lugha ya mbuzi, na nyungu yake aliiita ushamba. Ofisini kwake ndiko zilikopitia karatasi za kambi, na hapo ndipo alipomjua mkubwa mmoja wa mamluki ambaye tulimwita Kapiteni.

Jioni moja Baba alisimulia tukila, kwa kicheko cha siri, kwamba Kapiteni ana ukurutu. Kuanzia kiunoni mpaka nyayoni. Viatu vile vizito, jasho, joto letu. Anajikuna mezani mbele ya watu mpaka anatoka damu. Daktari wa kambi amempaka dawa za kila rangi.

Koko aliinua kichwa. "Mlete."

"Nimlete nani, Mama?"

"Mwenye funguo za alipo mwanangu anajikuna, nawe unaniuliza nani? Mkono mtupu haulambwi. Mlete hapa, nimtibu, siku ya saba ataniuliza."

Mama alianza kulia kimyakimya juu ya sahani. Nilimwona Baba akifikiri. Nilidhani anafikiri kuhusu Mjomba. Akasema, "Nitamwambia kesho," na akanywa maji yake yote kwa mkupuo mmoja.

Kapiteni akaja. Alivua viatu mlangoni na harufu ikaingia kabla yake, ebo! Mzungu mkubwa mwenye shingo nene, mwenye aibu kidogo, na hilo la aibu nampa haki yake. Koko alikaa kwenye kiti cha chini upande wa pili wa pazia lililofunguliwa nusu, maana alikuwa mwanamke wa heshima. Mimi nilisimama karibu na taulo. Koko na Mama hawakujua Kifaransa hata neno. Mle ndani waliojua ni watatu: Kapiteni, Baba na mimi.

"Mwambie," Koko akamwambia Baba, "dawa yangu ni siku saba. Asikatize. Na mwambie kwetu siku ya saba mgonjwa humwuliza mwenye mkono anataka nini. Mimi siombi leo. Asisahau tu kuuliza."

Baba akamgeukia Kapiteni na kile Kifaransa chake cha kupigwa pasi. Akasema kwamba mkwewe anaona ni heshima kubwa kumhudumia, kwamba ni siku saba, na kwamba yeye mwenyewe, mtumishi wake mtiifu, ana jambo dogo kuhusu nafasi ya mkuu wa ofisi moja bandarini Mutsamudu, watazungumza miguu ikipata nafuu. Kapiteni akaguna na kuitikia kwa kichwa.

"Amekubali," Baba akasema kwa Koko.

"Amesema hatasahau?"

"Amesema hatasahau, Mama."

Nilikuwa nimeelewa kila neno. Baba alijua. Alinivuta hadi uani, akachutama mbele yangu akaniuliza kwa upole, "Umesikia nini?" Nikamwambia. Hakukasirika. Akaniambia mambo ya wakubwa huzungukwa, hayavamiwi. "Wewe ukitaka embe kwa jirani husemi nipe embe. Unauliza hali, unauliza watoto, unasifu mti. Sivyo? Basi Baba anausifu mti." Na kweli ndivyo tulivyolelewa, haja haiombwi mlangoni. Nikaona Baba ni mwerevu kupita kiasi, anamzunguka mzungu mpaka mzungu aje amtoe Mjomba mwenyewe bila kujua amezungukwa vipi. Kesho yake akaniletea ndara nyekundu zenye kifungo cha shaba. Nilikuwa sijawahi kuwa na kitu chekundu miguuni.

Zile siku za nyungu, wallahi, ndizo pekee ninazocheka nikikumbuka. Sheria ya Koko haikubadilika kwa mtu yeyote: aliye ndani ya nyumba huingia. Basi Baba, aliyeuita ule ushamba, alivuliwa shati akasukumwa chini ya blanketi moja na Kapiteni, magoti kwa magoti. Tuliwasikia wakihema. Kapiteni alipojaribu kutoa kichwa, Koko akapiga kelele kutoka nyuma ya pazia kwa lugha yake ya mbuzi, na mzungu yule aliyetisha kisiwa kizima akarudisha kichwa ndani. Baada ya hapo ilikuwa kupaka. Koko hakumgusa mwanamume. Alisaga msindzano, akachanganya na mwarobaini na vitu vyake vingine, akapitisha bakuli kwenye pazia, na Baba akapiga magoti akampaka Kapiteni nyayo. Katikati ya vidole. Sijawahi kumwona Baba akimpaka Mama hata mafuta ya nywele. Alipaka kwa bidii, ulimi nje kidogo, na huku akipaka anazungumza habari za bandari.

Mimi nilikuwa na kazi ya kumwaga maji. Niliyachunguza kwa makini yale mabeseni, nikitazamia weupe wake uanze kutoka. Maji yalitoka na ukungu wa manjano tu, wa msindzano wa Koko, naye akabaki vilevile. Nilimwambia Mama kwamba yule hatoki. Mama akacheka, kwa mara ya kwanza tangu Mjomba achukuliwe, kisha akaanza kulia tena.

Siku ya tano ngozi ilikuwa imekauka. Siku ya sita Kapiteni alikuja amevaa viatu vya wazi, anatembea kwa fahari. Koko alikuwa na furaha niliyoishika kwa mikono. Alinituma niende nikanunue maua mabichi ya mlangilangi kwa wanawake wa Mvouni wanaoteremka mjini, akayatandaza juu ya kitanda alichokwisha kumtayarishia Mjomba, kwenye chumba cha mbele, shuka jipya. "Akitoka kesho," akasema, "ataanza na sanamaki. Wali wa kambini si chakula."

Siku ya saba ilikuwa Ijumaa. Kapiteni alikuwa aje alasiri, Baba akiwepo. Akaja adhuhuri, watu wako msikitini, Baba yuko safu ya mbele, nadhani, ili aonekane. Mama alikuwa jikoni. Kapiteni alisimama sebuleni, akapandisha suruali yake mpaka magotini, akaionyesha miguu yake mbele ya pazia, safi, bila kovu. Alisema asante kwa lugha yetu, neno moja alilojifunza. Kisha akaniona.

"Wewe unasema Kifaransa?" akaniuliza.

Nikatikisa kichwa kukubali.

"Niambie, bibi yako anataka nini kwa kazi hii?"

Ndivyo alivyouliza. Hakuna aliyemfundisha. Hakujua kwamba ameuliza swali lenyewe, siku yenyewe, mahali penyewe. Nyuma ya pazia Koko aliisikia sauti ikipanda mwishoni. Akatoka nje ya pazia kabisa, uso wazi, mikono mbele.

"Anauliza, sivyo? Anauliza mkono wangu unataka nini?"

Nikamtazama Kapiteni.

"Mwambie," Koko akasema. "Mficha uchi hazai. Mwambie wazi: mwanangu. Mwambie Athumani. Hilo tu."

Nilikuwa na miaka tisa. Nilikuwa wa kwanza darasani kwa Kifaransa. Maneno nilikuwa nayo yote, mafupi, yasiyo na shida: anataka mtoto wake wa kiume. Nilitazama chini nikaona ndara zangu. Nikakumbuka embe la jirani. Nikafikiri kwamba Baba hajamaliza kusifu mti, na nikivamia nitaharibu, na atanipokonya vile vifungo vya shaba. Na nilitaka pia, niseme ukweli wangu mimi ninayewasema wengine, yule mzungu anione mtoto mwenye adabu. Yote hayo yalipita kichwani kwa muda wa kumeza mate.

"Rien," nikasema. Hataki kitu.

Kapiteni akanitazama, akamtazama Koko aliyesimama na mikono yake mbele, akatabasamu taratibu. "Ajabu," akasema. "Kila mtu nchini humu ananiomba kitu. Bibi yako ni wa kwanza." Akamwinamia Koko kwa heshima kubwa sana, akaenda.

"Amesema nini?" Koko akauliza.

"Amesema asante, Koko."

"Na Athumani?"

"Amesema asante."

Nikasubiri Baba arudi amalize kuzunguka. Alirudi, akasikia Kapiteni ameshapita, akatoka mbio hata kofia yake hakuivua. Baada ya siku chache likaja kapu kutoka kambini: makopo ya siagi, jibini, peremende, na karatasi ya Baba ya kuhamishwa, yenye mhuri. Mkuu wa ofisi, bandari ya Mutsamudu. Koko alilitoa lile kapu kitu kimoja kimoja mpaka chini, akapapasa chini kabisa kwa kiganja.

"Taratibu, Mama," Baba akamwambia. "La Athumani linashughulikiwa."

Tukahamia Mutsamudu. Na kwa kuwa nyumba kwetu ni ya mwanamke, mkuu wa ofisi alihamia wapi? Kwa Koko! Alikula kwenye sinia lake, alilala chini ya paa lake, na wageni walipokuja kumpongeza Koko aliwapikia. Aliwaambia watu kwamba Mungu hakumpa alichotaka lakini amemwinua mkwewe, alhamdulillahi. Mimi nilikuwa napita na vikombe. Kikulacho ki nguoni mwako, na mwanamke yule alikuwa akikifulia nguo.

Mjomba walimwachia demani ya pili baada ya hapo, pamoja na wengine, kwa sababu zao wenyewe. Aliletwa Mutsamudu amepungua nusu. Ilikuwa inahitaji mtu mmoja kumshika mbele na mmoja nyuma ili apite kichochoroni kwetu. Koko aliteka maji mwenyewe, akachuma majani mwenyewe, akamweka chini ya blanketi la kijivu. Lakini mvuke ulimkaba, akakohoa damu ndani ya lile blanketi, ikabidi wamtoe. Akajaribu kesho yake, na kesho kutwa. Mjomba alimwambia kwa mzaha, kwa sauti iliyobaki, "Mama, mimi na majani hujui yupi ni yupi." Hakufika siku ya saba. Hakupata nafasi ya kumwuliza swali lake.

Tulipomaliza arobaini yake, Koko alisema mkono wake umekufa. Alisema alijua umekufa tangu Moroni, tangu yule mgonjwa wake aende bila kuuliza, lakini alijidanganya. "Ngemwacha daktari wa hospitali amtazame," akasema. "Nimemchelewesha mwanangu kwa mkono mfu." Nyungu akampa jirani. Demani iliyofuata tulinusa mlangilangi kutoka mashamba ya juu na hakuna aliyechemsha kitu. Sanamaki ilikoma, nyonyo ikakoma, uji wa tangawizi ukakoma. Baba alisema ni vyema, nyumba ya mkuu haifai kunuka majani.

Mnaweza kuniambia: ulikuwa mtoto. Ningependa kuishia hapo, nawe msomaji ungenipa pole, na mimi ningemwangushia Baba mzigo wote na kumaliza. Lakini nilipokuwa na miaka kumi na sita, mamluki bado wapo, Baba bado mkuu, nilikaa na Koko uani namchambulia mchele. Ukweli wote nilikuwa naujua kufikia hapo. Nilikuwa nimeshamchukia Baba vya kutosha, nilikuwa najiona bora kuliko nyumba nzima. Koko alikuwa na lile jiwe la msindzano mbele yake, anaosha vumbi bila sababu.

"Mjukuu wangu," akasema, "nikuulize kitu. Siku ile Moroni, Ijumaa ile. Yule mzungu alisema maneno mengi. Sauti yake ilipanda. Aliuliza?"

Hapakuwa na ndara nyekundu tena. Hapakuwa na mtu wa kumwogopa. Baba alikuwa ofisini. Neno moja tu, ndiyo, aliuliza, Koko, mkono wako haukufa, mimi ndimi niliyeufunga mdomo. Angenilaani. Au angenisamehe, na hilo ndilo nililoliogopa zaidi. Na angefungua mkono wake akachukua tena nyungu yake kwa jirani.

"Alisema asante, Koko."

"Asante tu?"

"Asante tu."

Akatikisa kichwa, kama mtu aliyepata jibu alilolitarajia. Akanyanyuka, akalinyanyua lile jiwe kwa mikono miwili, akalipeleka mlangoni, akalilaza kizingitini kuuzuia mlango usijipige na upepo.

Liko palepale. Jana binti yangu ameweka kijichupa chake juu yake ili akipige picha.